Msiniambie "Maliza Moja Kwanza". Niachieni Masaa Mawili

Kuna sentensi nimechoka nayo hadi nikiisikia masikio yanajifunga yenyewe: "Maliza moja kwanza."

Nimeambiwa na mjomba. Nimeambiwa na mwalimu wangu wa zamani. Nimeambiwa na msee fulani ndani ya matatu ya kutoka Katito kwenda Kisumu, hanijui, simjui, ameniona tu nikirudisha kofia kwa mfuko na kutoa soksi. "Sista, si umalize moja kwanza?" Na ukifungua simu, hapo napo kuna yule jamaa wa shati nyeupe anakwambia siri ya kufaulu ni kushika kitu kimoja, kukikazia macho na kusahau dunia.

Sawa. Leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja, ju nimeona vile huu ushauri unaumiza watu, hasa wasichana, na unasemwa kwa upole hadi mtu anaona aibu kuukataa.

Kama wewe ni mgeni hapa: mimi hufuma. Sweta, soksi, kofia, vitambaa vya viti, blanketi za watoto. Niko na miaka 21, naishi kwa dani yangu, nje kidogo ya Katito, kwenye dala ambayo ukisimama nyuma ya jikoni unaona milima ya Nyabondo. Uzi mwingine nanunua, mwingine naupika rangi mwenyewe kwa sufuria ya kuni. Saa hii ninapoandika niko na kazi sita ambazo hazijaisha. Sita. Na sioni haya, ju kila moja iko na saa yake.

Soksi ni za matatu. Ni nyembamba, zinaingia kwa mfuko, na mguu wa soksi ni mzunguko uleule tu. Hata dere akikanyaga breki ghafla pale Ahero sipotezi hesabu.

Kitambaa cha kiti ni cha mkutano wa chama. Nashika krosheti, vidole vinajua njia, masikio yanabaki kwa wamama wanaohesabu pesa.

Shali ya dani ina maua ya matundu, lazima nihesabu kila kitanzi. Hiyo ni ya asubuhi mapema, mwanga ukiwa mzuri na watu wakiwa bado hawajakumbuka jina langu.

Kofia ni ya stima ikipotea. Uzi mnene, mweupe, vidole vinaona vyenyewe gizani.

Blanketi ya mtoto ni kubwa, haitoki nyumbani, ni ya jioni baada ya vyombo.

Ya sita ni sweta ya mteja, na hiyo inangoja uzi wake ukauke.

Sasa niambie nimalize gani kwanza. Nikishika shali peke yake, kwa matatu nitafanya nini? Nitazame shingo ya mtu wa mbele hadi Kisumu? Nikishika soksi peke yake, ile saa moja ya mwanga mzuri si nimeipoteza kwa kazi ambayo ningefanya hata nikiwa nimefunga macho?

Angalia dani. Ana mahindi upande huu, mtama upande ule, maharagwe katikati ya mahindi, kuku wa kienyeji, ng'ombe wawili, na zamu ya chama. Hajawahi kungoja mahindi yakomae ndio alishe kuku. Na ako na sababu. Huku kwetu mvua ikikosea inakosea pande zote mbili: msimu mmoja jua linakausha kila kitu, mwingine maji yanafurika yanabeba shamba. Mtu wa shamba moja na zao moja ndiye hulala njaa kwanza. Nenda umwambie dani, "Maliza mtama kwanza." Atafikiri umelewa, na atakupa maji ya kunywa kwa huruma.

Huu ushauri wa kitu kimoja ulitungwa na mtu ambaye maji yake yanatoka kwa mfereji, stima yake haipotei, na chakula chake kinapikwa na mtu mwingine. Kwake unafanya kazi vizuri kabisa. Shida inaanza akiuleta hapa na kutuambia tukishindwa ni ju hatuko siriasi.

Na rangi ndiyo imenifunza zaidi kwamba kazi haziji moja moja kwa foleni.

Kwanza niseme ukweli ambao video nyingi huruka. Ule uzi wa bei nafuu tunaouita "wool" dukani, mara nyingi si wool. Ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Ukiupika na maganda ya vitunguu masaa matatu utatoka na uzi uleule, labda umechafuka kidogo, na mikono ya njano. Rangi za mimea zinahitaji kitu cha kushika: sufu, hariri, au pamba ukijua kuiandaa. Na kondoo wetu hapa Nyakach, Red Maasai na Dorper, ni wa nyama. Wana nywele fupi, huwezi kusokota sweta kutoka kwao. Sufu ya kweli inatoka kwa kondoo wa baridi, akina Merino na Corriedale, huko juu Molo na Nyandarua. Kwa hivyo kila gramu ninayopika imesafiri, na nimeilipia.

Sasa kazi yenyewe. Kwa gramu 100 za sufu nachukua gramu 10 hadi 15 za shabu. Tulieni, si ile mnayofikiria. Ni yale mawe meupe kama chumvi ambayo watu hutumia kutuliza maji ya matope. Bila shabu rangi nyingi zinashika kidogo halafu zinakimbia ukifua. Unaiyeyusha kwa maji ya moto, unaingiza sufu ikiwa imelowa, unapasha polepole hadi maji yatoe mvuke lakini yasichemke, unashikilia hapo kama saa moja, halafu unaacha ipoe yenyewe usiku kucha.

Siku ya pili ndio rangi. Maganda makavu ya vitunguu yanatoa njano ya dhahabu hadi rangi ya machungwa. Mbegu za avokado zinatoa waridi, ndiyo, waridi, hata mimi nilikataa hadi nikaona. Manjano ya jikoni inang'aa sana siku ya kwanza, lakini jua linaila haraka, kwa hivyo siwezi kumuuzia mtu nikaapa haitafifia. Ukitupia misumari yenye kutu, rangi inatiwa giza, njano inageuka kuwa kama majani ya zamani. Maji pia yanaongea: ya mvua yanatoa rangi moja, ya kisima yanatoa nyingine, ju ya madini yaliyomo. Na sufuria ya rangi ni ya rangi tu. Usirudi nayo kwa ugali.

Piga hesabu. Maganda nakusanya karibu wiki tatu kwa mama anayeuza chipsi sokoni. Shabu ni saa moja motoni na usiku mzima wa kupoa. Rangi ni nusu siku. Kukauka kivulini ni siku mbili, na mvua za Aprili zikishika ni hata wiki. Yule wa "maliza moja kwanza" angefanya nini hizo wiki zote? Angekaa anatazama gunia la maganda? Mimi huwa nafuma zile tano zingine.

Lakini katikati ya hizo wiki kuna saa mbili ambazo ni tofauti na zote. Hapa ndipo nataka tusikizane.

Kufuma kunakatika. Ukiniita nikiwa na soksi, namaliza mstari, naweka chini, nakuja. Nikirudi soksi iko pale pale, haijakasirika. Ndio maana wanawake wamefuma miaka yote hii: ni kazi inayokubali kukatwa vipande. Sufuria ya rangi haikubali. Ikiwa motoni, lazima mtu asimame hapo, atoe kuni, arudishe kuni, ageuze uzi taratibu bila kuukoroga. Sufu ikichemshwa kwa fujo, ikikorogwa, ikipigwa na joto halafu baridi ghafla, nyuzi zake zinashikana. Zikishikana zimeshikana. Hakuna kurudi.

Mwaka jana niliweka akiba miezi minne nikanunua gramu 400 za sufu, kwa sweta ya mteja aliyekuwa amelipa nusu. Jumamosi mchana nikawasha moto. Maganda yalikuwa yametoa rangi tamu hadi nilikuwa naongea nayo. Nikaingiza uzi. Dakika kumi hivi, wageni wakaingia dala. Nikaitwa kupika chai.

Nikasema, "Nakuja." Nikaitwa tena, ile sauti ya pili mnaijua. Nikapunguza kuni, nikaenda. Chai, vikombe, sukari imeisha, kimbia dukani, rudi, salimia kila mtu kwa mkono, ulizwa unasoma wapi siku hizi. Niliporudi upepo ulikuwa umeamsha moto na sufuria inatokota kama ya githeri. Nikashtuka nikafanya kosa la pili, na hilo ni langu peke yangu: nilitoa uzi wote nikautupa kwa ndoo ya maji baridi. Gramu 400 zikawa kitu kimoja kigumu, kama mkeka uliolala mvuani.

Nililia, na sitajifanya sikulia.

Mjomba akatoka na kikombe chake cha chai, akaangalia, akatikisa kichwa. "Unaona sasa? Ungekuwa mtu wa kufanya kitu kimoja kwa wakati, hii haingetokea."

Hapo ndipo hii makala ilizaliwa, hata kama imechukua mwaka kuandikwa. Wasee, siku hiyo nilikuwa nafanya kitu kimoja! Kimoja tu! Soksi zilikuwa kwa mfuko, shali kwa kamba, blanketi ndani ya nyumba. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria moja, macho kwa sufuria moja. Kitu cha pili kililetwa na watu wengine, na kililetwa kwa sauti ya amri.

Na kaka yangu? Alikuwa ameketi hatua sita kutoka kwa moto, anaangalia mpira kwa simu. Hakuitwa kupika chai. Hakuitwa hata kuangalia moto. Simlaumu sana, ju huwezi kuitika kama hujaitwa. Nalaumu mazoea ya kuita jina moja. Kwa dala nyingi ninazozijua kuna jina moja linaloitwa maji yakiisha, mtoto akilia, mbuzi akiingia shambani, mgeni akifika. Mwenye hilo jina ndiye huyohuyo anaambiwa jioni kwamba hamalizi vitu.

Kwa hivyo tuelewane. Kazi zangu ni sita ju siku yangu imekatwa vipande na watu wengine, na mimi nimetafutia kila kipande kazi inayokitosha. Huo ni ujanja wa kuishi. Mtu akinikata siku vipande halafu anicheke kwa kuwa na vipande, huyo anataka nini?

Na si Nyakach peke yake. Kuna visiwa vinaitwa Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Kuna picha za zamani za wanawake wa huko wakitembea na vikapu mgongoni vimejaa udongo mkavu wa kuwashia moto, na mikononi sindano zinaendelea kufuma. Watu hupenda hizo picha, wanasema angalia bidii. Mimi naona mtu ambaye hajapewa saa ya kukaa chini. Na unajua walilipwaje? Wengi walipewa chai na bidhaa za duka badala ya pesa, hadi serikali ya Uingereza ikatuma uchunguzi, na ripoti ikatoka 1872. Kazi inayofanywa katikati ya kazi zingine, watu ni wepesi kusema si kazi. Halafu bei inafuata hiyo kauli.

Lakini ni kazi. Huko Njoro, Kenana Knitters, akina mama wanasokota sufu kwa mkono, inatiwa rangi za mimea, wanafuma wanyama wa kuchezea watoto, na vinauzwa hadi ng'ambo. Ile sufuria unayoona kama mchezo wa msichana aliyemaliza shule, kwingine Kenya hii inalipa karo.

Sasa nisije nikajifanya malaika. Chini ya kitanda changu kuna mfuko wenye kazi nne zingine ambazo sikuzihesabu hapo juu, ju zimekufa. Nilizianza kwa sababu rangi ilinifurahisha siku moja. Hizo nakubali ni utoto. Na kuna mteja nilimwambia "iko karibu" miezi miwili mfululizo, na nilikuwa sijaanzisha hata kitanzi kimoja. Huo ulikuwa uongo tu, hauna uhusiano na wageni wala chai. Nilimrudishia pesa yake na nikaomba msamaha. Kama wewe ni mtu wa kuanzisha vitu kumi ndio ukimbie kile kimoja kinachokuogopesha, hii makala isikufiche. Sikuandikia hiyo.

Ndio maana niko na sheria tatu, na nazifuata kuliko ratiba yoyote ya shati nyeupe.

Ya kwanza: kila kazi iwe na saa yake. Kazi mbili zikigombania saa moja, moja inatoka.

Ya pili: sianzishi kitu hadi uzi wake wote uwe ndani ya nyumba, umepikwa kwa sufuria moja, siku moja. Sufuria mbili hazitoi rangi sawa hata ukiomba. Ukiishiwa uzi katikati ya mkono wa sweta, utakuwa na sweta ya mikono miwili isiyojuana.

Ya tatu: tarehe ninayompa mteja natoa kwa hatua iliyo polepole zaidi, ambayo ni kukauka, halafu naongeza mara mbili. Akishangaa, namwambia aulize mvua.

Hiyo ni sehemu yangu. Sehemu yenu ni ndogo. Nataka masaa mawili. Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, nikiwa kwa sufuria, jina langu lipumzike. Sijaomba nyumba ya kufanyia kazi, sijaomba mashine. Masaa mawili kwa wiki, niwe mtu ambaye anafanya kitu kimoja kweli, vile tu mmekuwa mkiniambia.

Nilisema hivi nyumbani, mbele ya watu, baada ya chakula cha jioni. Sauti ilitetemeka, lakini nikasema. Mjomba alicheka. "Hata rais huitwa," akasema.

Dani, ambaye huwa haingilii, akaweka sahani chini. "Mimi nikikoroga kuon, nani huniita?"

Kimya.

"Hakuna. Na unajua kwa nini, wuod nyara? Ju nyote mnataka kula."

Tangu siku hiyo sijahitaji hoja nyingine. Watu wanajua vizuri kabisa kumwacha mtu amalize. Wanajua ukiacha ugali katikati unaharibika, na hawathubutu kukuita. Kilichobaki ni waone kwamba kuna vitu vingine pia vinaharibika: uzi wa mtu, masomo ya mtu, usingizi wa mtu.

Jumamosi iliyopita wageni walikuja tena. Saa tisa kamili, sufu ndani ya sufuria, maji yanatoa mvuke. Nikasikia jina langu, halafu nikasikia dani akisema kitu, halafu nikaona kaka anaenda jikoni amebeba simu na uso wa mtu aliyefungwa jela. Chai yake ilikuwa tamu hadi meno yanauma. Wageni wakanywa, wakashukuru, wakaenda. Hakuna aliyekufa. Uzi umetoka rangi ya asali, uko kwa kamba nyuma ya nyumba, na sweta ya mteja naianzisha Jumatatu.

Ile sufu iliyoharibika sikuitupa. Niliikata vipande, ndivyo tunashikia sufuria ikitoka motoni. Juzi mjomba alishika kimoja, akakigeuza, akasema kiko sawa, naweza hata kuuza. Nikamwambia bei yake ni miezi minne ya akiba. Akarudi kwa gazeti lake.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa umelala kwa kochi Jumamosi: kwenu kuna mtu anaitwa kila saa, na unajua jina lake. Wiki hii usimshauri chochote. Sikiliza tu, na akiitwa, inuka wewe.